Programu ya wateja ni bure, lakini seva iko wapi?

Mwenye duka au saluni ya Kagugu, wilayani Gasabo, anapotaka kuhamisha majina na namba za wateja kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta, swali lake la kwanza huwa bei. Programu huria za kusimamia wateja, kama SuiteCRM, hupakuliwa bila malipo. Gharama huja baadaye: seva, fundi wa kuiweka na mtu wa kutunza nakala za akiba.

Hata hivyo, faida yake kubwa si bei. Kampuni ya Marekani, SugarCRM, ilipoacha kutoa matoleo huria, watumiaji hawakukwama. SuiteCRM, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kampuni ya SalesAgility ya Uskoti, iliendeleza kazi ileile, kwa kuwa leseni iliruhusu.

Nchini Rwanda ipo sababu nyingine. Sheria Na. 058/2021 ya Oktoba 13, 2021, inayolinda taarifa binafsi na faragha, inataka taarifa hizo zihifadhiwe nchini. Kuzihifadhi nje kunahitaji cheti cha mamlaka ya usalama wa mtandao, NCSA. Programu huria inaweza kuwekwa kwenye seva iliyopo Kigali. Huduma nyingi za kulipia kwa mwezi huhifadhi taarifa ng'ambo.

Kabla ya kuchagua, mfanyabiashara aijaribu kwa wateja kumi, kisha aone kama orodha yake inatoka ikiwa kamili. Asiye na fundi wa kumtegemea aanze na jedwali la kawaida, alilinde kwa nywila.