Nyumba Ikishapulizwa Dawa ya Mbu, Turudi Ndani Lini?

Watu wa dawa wamemaliza. Wameandika alama ya chaki mlangoni na kwenda kwa jirani. Nyinyi mmeketi chini ya mti pamoja na magodoro, sufuria na nguo. Mara wingu linafunga. Baba anasema, "Tuingie tu, magodoro yatalowa." Je, mtaingia?

Ndugu wasomaji, hapo ndipo wengi tunakosea. Tunapokea dawa vizuri, halafu tunaharibu wakati wa kurudi.

Dawa hii inafanyaje kazi?

Mbu wa malaria akishamnyonya mtu damu, hutua ukutani kupumzika. Ukuta wenye dawa humwua kabla hajapeleka ugonjwa kwa mtu mwingine. Kwa hivyo dawa inatakiwa kubaki ukutani, si mwilini mwetu wala katika chakula. Hapa Kenya kazi hii ilifanywa Migori mwaka wa 2017 na Homa Bay mwaka wa 2018, sehemu za karibu na Ziwa ambako malaria ni nyingi.

Hatua za kurudi nyumbani

1. Kaeni nje masaa mawili, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Dawa inahitaji muda ikauke.

2. Baada ya hapo mtu mzima mmoja afungue milango na madirisha yote, kisha atoke. Ngojeni nusu saa hewa ipite. Kwa mfano, wakimaliza kupuliza saa nne asubuhi, fungueni saa sita, na muingie saa sita na nusu.

3. Mtu mzima atangulie kufagia. Mtakuta mende, nzi na mbu waliokufa. Watupeni ndani ya choo cha shimo au wazikeni. Msiwamwage uani! Kuku na paka wakila wadudu hao wanaweza kudhurika.

4. Pangusa sakafu kwa maji na sabuni kama inapanguswa. Ukuta usiguswe. Maji hayo machafu yamwagwe chooni, si mtoni, kwa maana dawa inaua samaki. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

5. Sasa watoto na mifugo waweza kuingia. Rudisheni vitu, lakini msiegemeze vitanda ukutani wala msitundike nguo hapo.

Na mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani? Waambieni watu wa dawa mapema. Nyumba yenye mtu ndani haipulizwi. Ni heri iachwe kuliko kumpulizia mgonjwa.

Mtu akidhurika

Dawa ikimwagikia ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi tu, kwa muda mrefu. Mtu akianza kuumwa kichwa, kutapika, kutoka jasho na mate mengi, au kupumua kwa shida, mtoeni penye hewa safi, mvueni nguo zenye dawa na kumpeleka kituo cha afya mara moja. Msimlazimishe kutapika. Mwelezeni daktari jina la dawa iliyopulizwa. Kwa hiyo ulizeni jina hilo siku ile ile na kuliandika.

Msiioshe kinga yenu

Dawa nyingi za siku hizi hufanya kazi ukutani kwa miezi sita hivi au zaidi. Lakini Krismasi ikikaribia, kina mama huchanganya udongo na samadi ili kukandika nyumba upya wageni wakija. Ukuta ukikandikwa au kupakwa rangi, dawa imefunikwa, na mbu anatua salama. Kama ukuta unahitaji kukandikwa, fanyeni kabla ya siku ya dawa na uacheni ukauke. Tena, endeleeni kulala ndani ya neti. Dawa ya ukutani haimzuii mbu kuuma, inamwua akishatua.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

Turudi kwa ile familia chini ya mti. Shida yao ilikuwa kukosa mahali pa kukaa, na hiyo si shida ya mtu mmoja. Kikundi kinaweza kununua turubai moja la kuzungushwa boma kwa boma, au kuomba darasa la shule kwa siku hiyo. Chakula kipikwe pamoja, mbali na nyumba zinazopulizwa. Vijana wawasaidie wazee kutoa vitu na kuvirudisha.

Zungumzeni katika mkutano wenu:

- Mvua ikinyesha siku ya dawa, watoto wetu watakaa wapi?
- Ni nani katika kijiji hawezi kuhamisha vitu vyake peke yake, na nani atamsaidia?
- Nyumba zipi zinahitaji kukandikwa kwanza?

Mkiwa na majibu mapema, masaa mawili na nusu si marefu. Lakini mtoto akishadhurika, hakuna mtu atakayekumbuka kwamba magodoro hayakulowa.