Ubongo Ndani ya Sikio: Mhamiaji au Mzaliwa wa Ugenini?

Huku Kenyenya, katika Kaunti ya Kisii, kijana aliyesoma ndiye mkalimani wa ukoo. Bibi husema ogoto, daktari hunena Kiingereza, na baina yao huketi mjukuu na Kiswahili chake sanifu. Kazi hiyo huonekana nyepesi hadi daktari atamke kwamba kinyama kilichoonekana sikioni huenda ni tishu ya ubongo. Utaifasirije kauli hiyo bila kuzua kilio chumbani? Makala haya yanakusudia kuieleza hali yenyewe kwanza, kisha jina lake.

Sikio la kati ni chumba kidogo chenye hewa nyuma ya kiwambo cha sikio. Mna humo vifupa 3: nyundo, fuawe na kikuku. Dari ya chumba hicho ni mfupa mwembamba sana, na juu yake umetandazwa utando mgumu unaoufunika ubongo. Kwa hiyo ubongo na sikio ni majirani wanaotenganishwa na ukuta mmoja dhaifu.

Ukuta huo ukitoboka, ubongo pamoja na utando wake huweza kushuka sikioni. Sababu zake ni maradhi sugu ya sikio yanayokula mfupa, upasuaji wa awali, ajali ya kichwa, kasoro ya kuzaliwa, au shinikizo la ndani ya fuvu lililozidi. Lakini iko hali nyingine, nadra mno, ambapo dari ni nzima na tishu ya ubongo imo sikioni vilevile. Hiyo haikushuka. Hudhaniwa kwamba ilibaki humo tangu mimba ilipokuwa ikijiumba, na haina uhusiano wowote na ubongo wenyewe.

Chini ya hadubini hizi mbili huweza kufanana, kwa hiyo maabara pekee haiamui. Ni lazima dari ichunguzwe, kwa picha au kwa jicho la mpasuaji. Anayekata kinyama akidhani ni uvimbe tu, kumbe dari ina tundu, huenda akafungulia uowevu wa ubongo, na vijidudu vikapata njia ya kuleta homa ya uti wa mgongo.

Jambo hili lisiwe geni kwa Abagusii. Omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa wa jadi, alikuwa akiukwangua mfupa wa fuvu la mtu aliyesumbuliwa na maumivu baada ya kupigwa au kuanguka. Edward Margetts, daktari wa maradhi ya akili aliyefanya kazi Nairobi katika miaka ya 1950, aliandika juu ya kazi hiyo. Alichokichunga sana mpasuaji huyo ni kutoutoboa utando uliomo chini ya mfupa. Sisemi kwamba ababari emetwe waliyajua maradhi ya sikio ninayoyaeleza. Nasema mpaka waliouheshimu ndio huu huu.

Tukirudi kwenye istilahi, nimesikia wenzangu wakipendekeza “ubongo uliopotea njia”. Ni tamu masikioni, ila inapotosha, kwa maana tishu ya aina ya pili haikusafiri popote. Kwa ile iliyoshuka napendelea “ngiri ya ubongo”, kwani ngiri tayari ni kiungo kilichopenya ukuta wake. (Najua wapo watakaocheka, kwa sababu neno hilo huwapeleka kwingine kabisa mwilini.) Kwa ile ya pili, “ubongo wa ugenini” unatosha. Faida ya majina mawili ni kwamba la kwanza linamkumbusha msikilizaji kuna tundu la kuzibwa. La pili halimtishi bure.

Mkalimani naye ana swali moja la kumrejeshea bibi kwa uangalifu: kinachotoka sikioni mwa mtoto ni usaha, au ni maji maangavu? Usaha ni wa kawaida zaidi, nao ukidumu wiki 2 au zaidi unahitaji tiba, si mafuta ya moto. Maji maangavu yasiyokoma, hasa baada ya kuumia kichwa au kupasuliwa sikio, yatajwe kwa daktari siku hiyo hiyo.