Mto Usioonekana wa Dabaso

Anayetaka maporomoko ya maji katika pwani ya Kenya huelekezwa Kwale, msitu wa Shimba Hills, ambako maji ya Sheldrick huanguka mita 21 na palahala hula nyasi vilimani. Dabaso hakuna kitu cha namna hiyo. Hata mto hakuna: hori ya Mida, iliyotanda miguuni pa kijiji, haipokei mto wowote.

Mbona basi mikoko yake imestawi hivyo? Mkoko huvumilia chumvi, lakini hunawiri unapoonja maji baridi, na maji hayo hutoka nyuma ya kijiji, katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Mvua ya masika ikinyesha pale huzama mchangani, hupenya kwenye nyufa za mawe ya matumbawe, kisha huchomoza kimyakimya horini. Nikiulizwa maporomoko ya Dabaso yako wapi, nitasema tumeyakanyaga.

Msitu wenyewe una kilomita za mraba zipatazo 420, ndio mkubwa uliobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Ingia alfajiri, chini ya miti ya mirihi, utulie. Majani makavu yakichakarika ghafla, huenda ni sengi mwenye kiuno cha manjano, pua ndefu kama mkonga mdogo, anayeruka huku akipigapiga ardhi. Kwenye udongo mwekundu huishi bundi wa Sokoke, mdogo wa kutosha kukaa kiganjani; mchana hujibana matawini, na macho yasiyozoea humpita mara kumi.

Maji yakipwa, rudi horini. Hapo kuna ndege ninayempenda kuliko wote: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzalia katika mashimo ya mchanga kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba, kisha husafiri hadi tope hili la Mida. Wenyeji wamejenga vijia vya mbao katikati ya mikoko ili wageni wamtazame bila kumsumbua, na ada ya daraja la kamba la Mida husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya msitu. Kwangu huo ndio uhifadhi wenye maana, kwa sababu mtoto anasoma kwa kuwa mti haukukatwa.

Maana mti ukikatwa kule juu kwa ajili ya makaa, hasara haibaki msituni; hufuata maji yaleyale ya chini, na maji yakikosekana hata mji huhamwa. Karibu na hapa kuna magofu ya Gede, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mji ule wa mawe ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na wanaakiolojia ni kushuka kwa maji ya visima. Midomo ya visima hivyo ipo hadi leo, imechongwa kwenye matumbawe yaleyale, na kima hushuka kutoka mitini na kuketi juu ya kuta zilizoizunguka.