Kufunga na kuhifadhi zana nzito za trekta dogo: Hatua zinazookoa maisha na mali

MVUA ya masika inapokaribia Trans Nzoia, Uasin Gishu na Nakuru, mwenye trekta huwa hana nafasi ya kupumua. Asubuhi hufunga plau kwenda kulima shamba la jirani, adhuhuri huifungua ili afunge haro, na jioni huhitajika kukokota trela la mbolea. Ni katika pilkapilka hizi za kufunga na kufungua, wakati trekta limesimama na kila mtu anadhani hatari imepita, ambapo vidole hukatwa, miguu husagwa na hata uhai hupotea.

Zana za trekta dogo, yaani trekta lenye nguvu za farasi kati ya 20 na 50, huonekana kuwa vyuma vya kawaida zikiwa zimelala uani. Hata hivyo, plau ya diski tatu inaweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 300. Huo ni uzani wa zaidi ya magunia matatu ya mahindi ya kilo 90, uliokusanyika katika chuma kimoja kisicho na mshikio wala breki. Chuma hicho kikiteleza, hakuna misuli ya binadamu inayoweza kukizuia.

Baada ya ugatuzi kuanza 2013, serikali kadhaa za kaunti zilinunua matrekta ya kukodishia wakulima, nao watu binafsi na vyama vya ushirika wamekuwa wakijinunulia matrekta madogo. Maadamu mashine hizi zimefika vijijini, ni muhimu anayezitumia aelewe jinsi zinavyoungana na zana zake.

Mikono mitatu na asili yake

Takribani kila trekta dogo la kisasa hubeba zana zake kwa mikono mitatu iliyo nyuma. Miwili iko chini, kulia na kushoto, na ndiyo inayonyanyuliwa kwa haidroliki na kuvuta mzigo. Wa tatu, ambao mafundi huuita toplinki, uko juu katikati, na kazi yake ni kuilinda zana isibinuke mbele au nyuma.

Mfumo huu ulibuniwa na Harry Ferguson, mhandisi aliyezaliwa Ireland, na ulipata umaarufu mkubwa ulipotumiwa katika trekta la Ford 9N nchini Marekani mnamo 1939. Baadaye ulienea zaidi kupitia trekta dogo la kijivu la Ferguson TE20, lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956.

Kabla ya hapo, plau ilikokotwa nyuma ya trekta kama gari la ng'ombe. Iliponasa kwenye kisiki au jiwe, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka, na mara nyingine trekta likapinduka na kumwangukia dereva. Kwa mikono mitatu, plau ikinasa, toplinki husukuma mbele na kuikandamiza pua ya trekta chini. Kwa hivyo, mkono huo wa juu si pambo. Anayeukosesha pini imara anaondoa kinga iliyowekwa kwa makusudi.

Pini zioane na matundu

Kosa la kwanza hutokea hata kabla ya trekta kuwashwa. Zana zimegawanywa katika madaraja kulingana na ukubwa wa pini. Daraja la kwanza, ambalo ndilo la matrekta mengi madogo, hutumia pini za chini zenye kipenyo cha milimita 22 na pini ya juu ya milimita 19. Daraja la pili, la matrekta makubwa kiasi, lina pini za chini za milimita 28 na ya juu ya milimita 25.

Mkulima akiazima plau ya daraja la kwanza na kuifunga kwenye trekta lenye mikono ya daraja la pili, pini nyembamba itachezacheza ndani ya tundu pana. Kila trekta linaporuka tuta, pini hugongwa, hupinda na hatimaye hukatika. Suluhisho ni bushi ya chuma inayojaza nafasi hiyo.

Fauka ya hayo, klipu inayozuia pini isichomoke haina mbadala. Misumari iliyopindwa na vipande vya nondo vinavyotumiwa na wengi mahali pake hukatika au hutoka bila mtu kujua.

Hatua za kufunga

Kazi huanza kwa kuchagua mahali. Zana iwe kwenye ardhi tambarare na ngumu, nayo iwe imesimama bila kuyumba. Dereva arudi nyuma polepole kwa giya ya chini kabisa, akilielekeza trekta katikati ya zana hadi mikono ya chini ikaribie pini. Kisha avute breki ya mkono, atoe giya, azime injini na kuondoa ufunguo. Hapo ndipo anaposhuka.

Hapa ndipo pana hatari kubwa kuliko zote. Kwa kawaida utingo husimama kati ya trekta na plau, akimwashiria dereva na kuinua mkono wa chini huku gurudumu likisogea. Mguu wa dereva ukiteleza kwenye klachi, trekta huruka nyuma kwa hatua moja tu, na hatua hiyo yatosha kumbana mtu kwenye chuma. Kanuni ni moja: trekta likisonga, hakuna mtu katikati. Anayeelekeza asimame kando, mahali ambapo dereva anamwona, na wakubaliane ishara kabla ya kuanza.

Mkono wa kushoto ndio unaofungwa kwanza. Sababu ni kwamba katika matrekta mengi mkono wa kulia una kishikio cha kuuinua na kuuteremsha, hivyo ni rahisi kuulinganisha na pini baada ya upande wa kushoto kushika. Kisha hufuata toplinki, ambayo hurefushwa au kufupishwa kwa kuizungusha hadi matundu yalingane. Vidole visitumiwe kupima kama matundu yamelingana. Chuma kikisogea kidogo tu, kidole kilichomo humo hukatika kama kwa makasi.

Baada ya pini zote kufungwa kwa klipu, minyororo ya kando ikazwe ili zana isiyumbe kulia na kushoto. Mwishowe, dereva arudi kitini, ainue zana kidogo na kuiteremsha mara mbili au tatu akiangalia kama kuna kinachogusana na magurudumu.

Shafti izungukayo

Zana kama vile rotaveta na mashine ya kufyekea nyasi huhitaji pia shafti ya PTO, inayotoa nguvu za injini nyuma ya trekta. Mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani mizunguko tisa kila sekunde. Shafti yenye mzingo wa sentimita 22 huvuta karibu mita mbili za kitambaa kwa sekunde moja. Ncha ya leso au mkono wa koti ikinaswa, mwathiriwa hapati hata muda wa kupiga kelele.

Ndiyo maana shafti hii huuzwa ikiwa na kifuniko cha plastiki. Wapo wanaokivunja ili wapake grisi kwa urahisi, kisha hawakirudishi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inawataka waajiri kuhakikisha kuwa sehemu hatari za mashine zimekingwa, na aliyemwajiri dereva wa trekta ni mwajiri kama wengine.

Urefu wa shafti nao uangaliwe. Ikiwa ni ndefu mno, zana inapoinuliwa mabomba yake mawili husukumana hadi mwisho na kuvunja giya. Ikiwa ni fupi mno, hutengana ikiwa inazunguka. Wakati wa kuiunga, isukumwe hadi kufuli yake ilie, halafu ivutwe kwa mkono kuthibitisha kwamba imeshika.

Uzani wa nyuma, wepesi wa mbele

Trekta lenye zana nzito nyuma ni kama mizani. Ekseli ya nyuma ndiyo kati yake. Tuseme trekta lina kilo 1,600, na kilo 640 kati ya hizo zimelala kwenye magurudumu ya mbele, ambayo yako mita mbili mbele ya ekseli ya nyuma. Ukifunga zana ya kilo 400 ambayo uzito wake uko mita moja nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele yatapunguziwa kilo 200 na kubakiwa na 440.

Ukiiondoa hiyo na kufunga zana ya kilo 500 ambayo uzito wake uko mita moja na nusu nyuma, magurudumu ya mbele yatapunguziwa kilo 375 na kubakiwa na 265 pekee. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba angalau asilimia 20 ya uzani wa trekta tupu ibaki mbele, ambayo katika mfano huu ni kilo 320. Trekta hilo sasa halina budi kuongezewa vyuma vya uzani puani. Bila hivyo, usukani utakuwa mwepesi, na kwenye miteremko ya Murang'a au Kericho dereva atazungusha usukani ilhali magurudumu hayagusi ardhi vyema.

Jambo jingine lisilosameheka ni kukokota trela au gogo kwa kufunga mnyororo kwenye toplinki au kwenye ekseli. Mzigo ukokotwe kwa chuma cha chini kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Mnyororo ukifungwa juu, trekta linaweza kupinduka nyuma katika muda usiofika sekunde mbili.

Kufungua na kuegesha

Kufungua ni kinyume cha kufunga: shafti kwanza, kisha toplinki, halafu mkono wa kulia, na mwisho wa kushoto. Lakini kabla ya pini yoyote kuguswa, zana iteremshwe hadi ilale chini kabisa na injini izimwe. Zana iliyoachwa hewani inashikiliwa na oili tu. Mpira wa oili ukipasuka, au mtoto akichezea wenzo, zana huanguka yote kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, hakuna anayepaswa kuingia chini ya zana iliyoinuliwa kabla ya kuwekewa magogo imara. Mawe na matofali hayafai, kwa vile hupasuka ghafla.

Oili ikivuja, isitafutwe kwa kiganja. Mvujo mwembamba kama sindano huwa na nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha hilo, hata likionekana dogo, lahitaji daktari mara moja. Kipande cha katoni chatosha kuonyesha panapovuja.

Hifadhi ya msimu mzima

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, plau hutumika kwa wiki chache kisha hulala kwa miezi kadhaa. Katika miezi hiyo kutu hula chuma. Udongo ulioganda kwenye diski hushika unyevu, hasa ule mweusi unaonata wa Ahero na Mwea, hivyo zana ioshwe na kukaushwa kwanza. Sehemu zinazong'aa zipakwe grisi, nazo sehemu zote zenye niplo zijazwe grisi mpya ili maji yasipate pa kuingia. Wakulima wa Kilifi na Kwale waongeze bidii, kwa kuwa hewa ya bahari huharakisha kutu.

Mashine ya kupandia ndiyo hudhurika upesi zaidi. Chembe za mbolea zilizobaki katika sanduku lake hufyonza unyevu na kugeuka maji ya chumvi yanayotafuna chuma. Sanduku lisafishwe hadi pembeni.

Zana ziwekwe chini ya paa, juu ya mbao nene, wala si moja kwa moja juu ya udongo. Ile yenye miguu ya kusimamia iteremshiwe miguu hiyo na kufungwa pini. Ile isiyo na miguu ilazwe upande wake mpana, kwa sababu zana iliyoegemezwa ukutani ni mtego kwa watoto wanaocheza na mifugo inayojikuna. Shafti ya PTO itundikwe au iwekwe rafuni, isiachwe matopeni.

Fauka ya yote, zipangwe zikitazama upande mmoja, na mbele ya kila moja pawe na nafasi ya trekta kurudi nyuma moja kwa moja. Mpangilio huu mdogo huondoa haja ya kusukuma zana kwa mikono, jambo ambalo limewaumiza wengi migongo. Pini na klipu za kila zana zifungwe kwenye zana yenyewe. Zikitupwa pamoja katika mkebe mmoja, siku ya kulima patatafutwa msumari.

Mwezi mmoja kabla ya mvua, zana zote zikaguliwe: boliti zilizolegea, diski zilizopasuka, klipu zilizopotea na vifuniko vilivyovunjika. Wakati huo mafundi hawajalemewa na kazi, nayo vipuri havijaadimika madukani. Anayengoja mvua inyeshe ndipo akague plau yake atajikuta foleni kwa fundi huku majirani wakipanda, na usipoziba ufa utajenga ukuta.