Penzi la Yellowstone halikuwa la watu wawili

Riwaya za mapenzi safi, zile zinazokomea kwenye posa na harusi bila kumpeleka msomaji chumbani, zinaipenda sana Yellowstone ya karne ya 19. Hilo halishangazi. Hifadhi hiyo ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria aliyoitia saini Rais Ulysses S. Grant tarehe 1 Machi 1872, inampa mwandishi kila anachohitaji: chemchemi za maji moto zinazoruka juu kama zimepigwa bomba, usiku wa baridi kando ya moto, safari ya farasi ambamo kijana na binti hawana budi kutegemeana. Aina hii ya hadithi wengi huibeza bure, kwa kuwa kuandika upole wa moyo bila kumchosha msomaji si kazi nyepesi. Shida iko kwingine. Nyingi huifanya hifadhi ile kuwa nyumba tupu iliyokuwa ikiwasubiri wapenzi wawili, nayo haikuwa tupu hata siku moja. Nashikilia kwamba kuwarudisha wenyeji ndani ya hadithi hakulipunguzii penzi utamu wake. Ndiko kunakolipa uzito.

Ushahidi mzuri kuliko wote haukutungwa na mtu. Agosti 1877, hifadhi ikiwa na miaka mitano tu, mwanasheria George Cowan wa Radersburg, Montana, alikwenda kutembea Yellowstone na mkewe Emma, pamoja na ndugu wa Emma na marafiki wachache. Tarehe 24 Agosti, siku walipotimiza miaka miwili ya ndoa, wapiganaji wa Nez Perce, kabila la wenyeji wa Marekani, waliwakamata. Baadaye siku hiyo George alipigwa risasi ya paja. Emma akamkumbatia amkinge, akavutwa pembeni, na mumewe akapigwa risasi ya kichwa mbele ya macho yake. Mwanamke huyo aliondolewa pale akiamini kuwa amekwisha kuwa mjane. George hakufa. Alipozinduka akajaribu kusimama, akapigwa risasi nyingine, kisha akatambaa kwa siku kadhaa bila chakula hadi penye kambi yao ya awali, ambako mbwa wake alikuwa angali akisubiri. Maskauti wa jeshi wakamkuta, na wiki kadhaa baadaye mume na mke wakaonana tena. Mwaka 1901 walirudi pamoja kupatazama mahali palipotokea mkasa.

Sasa ondoa watu wa Nez Perce, uwabakize kama kivuli kinachofyatua bunduki, uone kama hadithi hii inaeleweka. Walikuwa watu wapatao 800, wazee na watoto wakiwemo, wakilikimbia jeshi la Marekani, wakiwa na maelfu ya farasi. Mkataba wa 1863, uliokuja baada ya dhahabu kugunduliwa kwao, ulikata takriban tisa ya kumi ya eneo walilokuwa wamehakikishiwa mwaka 1855, na viongozi wengi hawakuusaini kamwe. Mwaka 1877 Jenerali Oliver Howard aliwapa siku 30 wahame. Tarehe 9 Agosti, wiki mbili kabla ya Emma kukamatwa, jeshi liliwavamia alfajiri wakiwa wamelala kwenye mahema yao Big Hole, na wanawake na watoto wengi wakauawa. Watu wenye majeraha hayo mabichi ndio waliomweka Emma karibu na moto wao, wakampa chakula, kisha wakamwachia yeye na nduguze wawili wakiwa na farasi wa kuwabeba. Aliyewavusha mto na kuwahimiza wasisimame njiani alikuwa mmoja wa viongozi wao, Lean Elk. Bila huruma ile hakungekuwa na mke wa kukutana na George.

Kuna atakayesema kwamba huko ni kuwasafisha watekaji, ilhali mtu asiye na silaha alipigwa risasi na watalii wengine wawili wakauawa katika siku zile zile. Vifo hivyo ni kweli na visifichwe. Lakini Emma mwenyewe, mwenye haki kuliko yeyote ya kuwachukia, alipoandika kumbukumbu zake baadaye alikiri kwamba watu waliodhulumiwa walimtendea wema. Mwandishi wa leo hana sababu ya kuwa mgumu wa moyo kuliko yeye. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: msomaji wa riwaya tamu anatafuta pumziko, hakuomba darasa la historia. Nakubali kwamba hotuba huua hadithi. Ila hapa hakuna haja ya hotuba. Mwanamke wa Nez Perce anayeona machozi ya Emma na kuelewa ni ya mume, tukio ambalo Emma alilisimulia, ni ukurasa wa mapenzi kuliko machweo yoyote yale.

Tena utupu wenyewe ulitengenezwa. Philetus Norris, msimamizi wa pili wa hifadhi, alieneza dai kwamba wenyeji waliziogopa chemchemi zile, huku akishinikiza waondolewe. Lakini mawe meusi ya kioo yaliyochimbwa huko na wenyeji yamefukuliwa hadi Ohio, ishara kwamba eneo hilo lilijulikana na kutumiwa muda mrefu kabla ya mtalii wa kwanza.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu picha hiyo ya hifadhi isiyo na watu. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka ndani yake. Mwandishi wa Kiswahili atakayeamua kuweka penzi lake Seronera au Moru, ndani ya Serengeti ya miaka ile, na aje maana mahali panafaa, asiwaache Wamaasai nje ya ukurasa. Awape majina, mifugo yao, na mapenzi yao wenyewe.