Kabla ya Kununua Wufa Kubwa, Pima Sebule

Benga ni muziki wa mwambao wa Ziwa Victoria, na uti wake wa mgongo ni gitaa la besi linalokimbizana na gitaa la solo. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliyefariki Kisumu mwaka 2006, aliueneza mbali akiwa na bendi yake ya Shirati Jazz. Cheza benga katika sebule ndogo pale Usenge, kando ya ziwa hilo, na huenda noti moja ya besi ikanguruma hadi vioo vya madirisha vitetemeke, huku inayoifuata ikisikika kwa mbali. Mwenye nyumba huilaumu wufa, yaani spika ya besi, kisha huanza kuweka akiba anunue kubwa zaidi. Angeanza kwa kupima chumba.

Chukua sebule ya futi 10 kwa 10, yaani takriban mita 3.05 kila upande. Kwenye joto la nyuzi 27, sauti husafiri mita 347 hivi kwa sekunde. Wimbi la sauti likigonga ukuta wa plasta hurudi, likagonga wa pili, likarudi tena. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake inatoshea sawasawa kati ya kuta hizo hujiongezea nguvu kila linaporudi. Gawanya 347 kwa mara mbili ya upana wa chumba, utapata mitetemo 57 kwa sekunde. Waya wa A wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa mitetemo 55. Ndiyo maana mpiga besi akigusa noti hiyo au iliyo jirani yake, chumba kizima kinamwitikia. Sebule ya mraba huzidisha tatizo, kwa kuwa pande zote mbili zinapandisha noti ileile. Ingekuwa futi 10 kwa 13, upande mrefu ungeitikia mitetemo 44 na mfupi 57, mzigo ukagawanyika.

Mngurumo huo haulingani kila mahali. Ni mkubwa kabisa ukutani, hasa kwenye kona, na katikati ya chumba noti hiyo karibu ipotee. Wufa iliyosukumwa kwenye kona huuchochea kwa nguvu zote, na anayeegemeza kichwa ukutani huupokea wote. Vuta wufa itoke kwenye kona, na kochi litoke ukutani angalau futi moja au mbili, bila kulifikisha katikati kabisa. Kama hujui wufa ikae wapi, iweke kwa muda pale unapokaa, cheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha tembea umeinama kandokando ya kuta. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa ndipo pa kuiweka.

Spika ndogo zina kanuni zake. Besi ya chini sana haionyeshi inakotoka, lakini sauti ya mwimbaji na ya gitaa la solo huonyesha. Zitenganishe spika mbili kwa umbali ulio sawa na ule wa kutoka kila moja hadi kwako, na uziinue zilingane na masikio ya mtu aliyeketi. Kuzipanga zote mbili upande mmoja wa televisheni ni kupoteza stereo uliyoilipia.

Nyumba ya mabati isiyo na silingi, yenye sakafu ya saruji, hurudisha sauti kali na kuyavuruga maneno ya wimbo. Mapazia mazito na makochi ya sponji husaidia. Mkeka wa mafunjo, yale yanayoota kwa wingi katika kinamasi cha Yala, hupunguza ukali kidogo ukitundikwa mbali kidogo na ukuta. Usitarajie mkeka uzime mngurumo wa besi: wimbi la mitetemo 57 lina urefu wa mita 6, na mkeka ni milimita chache tu.

Dukani, usibabaishwe na maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye boksi. Geuza mtambo usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme unaotumia. Mtambo ukitumia wati 60, hauwezi kutoa zaidi ya hizo mfululizo. Tena, kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika wati takriban mara kumi. Kagua pia ukingo wa koni ya spika: wa mpira huvumilia unyevu wa ziwani kuliko wa sponji, ambao hukatikakatika baada ya miaka. Kama spika itakaa karibu na ukuta, chagua ambayo tundu lake la hewa liko mbele.

Kwa sebule ya futi 10 kwa 10, wufa ya inchi 6 iliyowekwa mahali pake itacheza benga vizuri kuliko ya inchi 12 iliyobanwa kwenye kona. Hamisha uliyo nayo kwanza, ndipo uguse akiba yako.