Maboti yakipasuka mapema: namna ya kurudishiwa feza yako

Mwezi wa 6 uliopita, mama moja wa Cimpunda alifika kwenye biro yetu na mufuko wa plastiki mukononi. Hakukuja kuomba mbegu. Alitoa ndani ya mufuko maboti, zile buti za mupira tunazovaa shambani, akayaweka juu ya meza, akakunja ile ya kuume. Pale muguu unapokunjika, mupira ulifunguka kama mudomo.

"Mwana wangu," akasema, "hii nililipa dola 12. Nimevaa siku 9 tu ku kinamasi. Sasa maji inaingia. Nimerudi kwa muuzaji, ananionyesha fakitire: haturudishake feza."

Ni kweli, chini ya fakitire waliandika kwa Kifaransa ile maneno tunayoijua wote: bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Mama alifikiri mambo yameisha pale. Wengi wetu tungefikiri vilevile. Tunanyamaza, tunaenda kwa kordonye, kisha musimu unaofuata tunanunua tena zile zile.

Katika makala hii tutaona ni wakati gani muuzaji anapaswa kurudisha feza, namna ya kumudai bila ugomvi, na nini koperative inaweza kufanya ili hasara isirudie.

Juu ya nini tunasema juu ya maboti katika gazeti la kilimo?

Juu boti ni chombo cha kazi sawa jembe. Mulimaji wa Cimpunda anashuka mulima wenye utelezi asubuhi, anaenda kulima Kabare ao kwenye kinamasi, anarudi jioni na muzigo kichwani. Kati ya mwezi wa 6 na wa 8, wakati milima imekauka, sisi wote tunashuka kwenye kinamasi kwa musimu C: maharagi, mahindi, mboga. Pale muguu unashinda ndani ya matope.

Boti yenye kupasuka haizuii kitu. Vipande vya chupa na majembe ya wenzetu vinakata muguu. Minyoo inaingia kupitia ngozi ya muguu peupe. Na wakati wa kupuliza dawa, dawa inaingia ndani ya boti na kubaki pale saa nzima ikigusa ngozi. Kumbuka pia: siku ya kupuliza, suruali inavaliwa juu ya boti, si ndani yake. Ukiingiza suruali ndani, dawa inatiririka mpaka kwenye kidole.

Yule mama alikatwa na kipande cha chuma kupitia ule mupasuko. Siku 8 hakulima, na maharagi yake ikachelewa kupaliliwa. Hasara yake haikuwa dola 12 tu.

Kasoro ya kiwanda ao uchakavu?

Hapa ndipo mabishano yote inaanzia. Muuzaji atasema: "Mama, wewe njo uliyachoma ku moto." Mara zingine anasema kweli. Tujifunze kutofautisha.

Maboti mengi kwenye soko zetu ni ya plastiki iliyoyeyushwa na kumwagwa ndani ya fomu. Mengine ni ya mupira wa kweli. Plastiki yenye kuchanganywa vibaya, ao iliyokaa miaka mingi depo, inakauka na kuwa ngumu. Ukiikunja, inapasuka.

Dalili za kasoro ya kiwanda:
– mupasuko pale muguu unapokunjika, kisha siku ao wiki chache, mara nyingi kwenye maboti yote mbili;
– soli inayoachana na boti kuzunguka muguu;
– matundu madogo ao mapovu ndani ya soli;
– mustari wa fomu, ule unaopanda pembeni, unaofunguka wenyewe.

Dalili za uchakavu ao matumizi mabaya:
– tundu moja lenye kukatwa sawasawa: ni jembe, panga ao musumari;
– mupira uliolainika ao kukunjamana upande moja: ulikaushwa karibu na babula;
– mupira uliovimba na kunata: uliguswa na petroli ao mafuta ya mashini;
– soli iliyoisha kwa kutembea.

Kwa hiyo safisha maboti yako jioni, yageuze kichwa chini, yakauke kwenye kivuli. Ukifanya vile kila siku, muuzaji hatakuwa na la kusema.

Sheria inasema nini

Sheria yenyewe ni ya zamani kuliko babu zetu. Ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7, mwaka 1888, juu ya mikataba, ambayo mpaka leo iko ndani ya Kodi sivile ya Congo, kitabu cha 3. Inamutaka muuzaji ajibu kwa kasoro iliyofichama ndani ya kitu alichouza. Kwa maneno yetu sisi, inaomba mambo matatu:

1. Kasoro iwe imefichama. Kama boti ilikuwa na tundu lenye kuonekana na ukalipa, ni juu yako.

2. Kasoro iwe ilikuwamo tayari mbele ya wewe kununua, hata kama ilionekana kisha.

3. Kasoro iwe kubwa: inafanya kitu kisitumike kwa kazi yake, ao inapunguza faida yake hivi kwamba ungelijua, hungenunua, ao ungelipa bei ndogo.

Mambo haya matatu yakiwepo, munuuzi anachagua. Anarudisha kitu na kupewa bei yote. Ao anabaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji hawezi kusema tu "mimi sikujua": hata asipojua, anarudisha bei. Na kama alijua akanyamaza, anaweza kulipishwa pia hasara iliyotokea, sawa ile ya muguu wa mama yetu.

Na yale maneno ya chini ya fakitire? Mutu akinunua leo, kesho anasema rangi haimupendezi ao nambari ni ndogo, muuzaji anaweza kukataa, na fakitire inamupa haki. Kwa kasoro iliyofichama, mambo ni mengine. Sheria inaacha muuzaji na munuuzi wapatane kwamba hakuna garanti, lakini mapatano hayo hayamukingi muuzaji aliyejua kasoro. Muuzaji aliyeletewa tayari pea 5 zenye kupasuka mahali pamoja, atasema namna gani kwamba hajui?

Angalia tena jambo moja: wakati. Sheria inasema munuuzi adai kwa muda mufupi, kufuatana na aina ya kasoro na desturi ya mahali. Haitaji hesabu ya siku. Kwa hiyo ukiona mupasuko leo, enda kesho. Ukivaa miezi 3 tena juu ya mupasuko, umepoteza nguvu yako.

Kwa viatu vya caguwa, mambo ni magumu zaidi. Pale vitu vinauzwa vile viko, na bei inaonyesha vile. Chunguza mbele ya kulipa, juu kisha ni vigumu kupata kitu.

Hatua kwa hatua

Hii ndiyo njia tuliyofuata na yule mama.

Kwanza, acha kuvaa. Osha, kausha, weka ndani ya mufuko. Usipeleke kwa kordonye. Boti ikishonwa ao kupakwa kole, muuzaji atasema kordonye ndiye aliyeharibu.

Pili, tafuta ushahidi. Fakitire ao resi, ikiwa na tarehe na jina la duka. Kama hukupewa, tafuta mutu aliyekuwa nawe siku ile, ao ujumbe wa simu kama ulilipa kwa simu. Piga picha ya mupasuko na ya soli, pale nambari na alama ya kiwanda zimeandikwa.

Tatu, uliza wenzako. Hatua hii ndiyo ilibadilisha mambo. Kwenye mukutano wa koperative, mama aliinua boti yake, akauliza nani alinunua kwenye duka lile. Mikono 6 ikapanda. Pea 6, alama moja, mupasuko mahali pamoja. Mutu moja akidai, anaitwa mugomvi. Watu 7 wakiwa na kitu kile kile, kiwanda kinajulikana.

Ine, enda kwa muuzaji asubuhi, mbele duka lijae watu. Musiende wote 7. Watu 2 ao 3 wanatosha. Musalimie, muonyesheni boti, museme munachotaka: feza irudi. Usipige kelele mbele ya wateja wake. Mutu akiaibishwa, anakaza roho. Muuzaji mudogo pia alinunua pale depo, na yeye anaweza kurudi kule na kudai haki yake.

Tano, kama anakataa, muachie barua. Andika kopi mbili, aweke sinyatire kwenye moja. Akikataa kuweka sinyatire, shahidi aandike tarehe na jina lake. Mufano ni huu:

"Bwana muuzaji, tarehe … nilinunua kwenu pea … ya maboti kwa bei ya …, fakitire namba … Tarehe … nilivumbua kwamba mupira umepasuka pale muguu unapokunjika. Kasoro hii haikuonekana siku ya kununua, na maboti hayawezi tena kutumika kwa kazi ya shamba. Ninaomba munirudishie bei yote mbele ya tarehe … Niko na picha na mashahidi."

Sita, kama barua haikujibiwa, tafuta musuluhishi: komite ya soko, chefu wa avenyu, ao chefu wa kartiye. Wanajuana na wauzaji, na mara nyingi mambo inaisha pale. Kama mali ni nyingi, sawa pea 40 za koperative, kuna tribunal. Kwa pea moja, pima kwanza: transpoti na siku za kazi zinaweza kupita bei ya boti. Tena, kama muzigo muzima unaonekana mubaya, munaweza kujulisha Office Congolais de Contrôle, OCC, yenye kazi ya kuchunguza ubora wa bidhaa zinazoingia inchini.

Sisi tuliishia hatua ya tano. Muuzaji alisoma barua, akahesabu pea, akapiga simu depo. Kisha siku 4 alirudisha feza ya pea 5. Pea mbili hakulipa: moja ilichomwa na babula, na ilionekana wazi, ingine mwenyewe alishaipeleka kwa kordonye. Tuliona alitenda haki kwa ile ya kwanza. Kwa ile ya pili, tulijifunza.

Akikuambia ubadilishe

Wauzaji wengi wanapenda kubadilisha kuliko kurudisha feza. Si vibaya, lakini usipokee pea iliyotoka katika karto moja na ile ya kwanza. Itapasuka vilevile, na mara ya pili utachoka kudai. Omba alama ingine, uipime pale pale. Ao kama mupasuko ni mudogo, munaweza kupatana abaki amekurudishia sehemu ya bei, na wewe umulipe kordonye. Patana kwanza, kisha ndipo upeleke kushona.

Kupima mbele ya kulipa

Mambo haya inachukua dakika 5:
– Kunja boti pale muguu unapokunjika, mara 10. Mustari mweupe unaobaki ni alama ya plastiki dhaifu.
– Kunja mudomo wa boti ili hewa ifungwe ndani, kisha finya. Weka sikio: hewa ikitoka kwa sauti, maji itaingia.
– Ingiza mukono mpaka kwenye kidole, gusa kama kuna mapovu ao mahali pembamba.
– Linganisha nambari za maboti mbili. Kuna pea za 40 na 41 zinazouzwa pamoja.
– Omba fakitire yenye tarehe, hata kama unanunua pea moja.

Kazi ya koperative

Koperative ikinunua pamoja, inapata bei nzuri, na tena inapata sauti. Mbele ya kuagiza pea 40, nunueni 2, wape wanamemba wawili wazivae kwenye kinamasi wiki 2. Zikikaa, agizeni. Andikeni kwenye karatasi ya komande alama, nambari, hesabu, na garanti ya miezi 3 kwa mupasuko usiotokana na kukatwa. Musilipe yote siku moja. Bakisheni sehemu mpaka karto zote zifunguliwe na kupimwa mbele ya muuzaji. Katibu aweke fakitire zote mahali pamoja, juu fakitire iliyopotea ni feza iliyopotea.

Njia hii inafaa pia kwa pompe ya kupuliza inayovuja, jembe linalokunjika, na mufuko wa mbolea wenye uzito pungufu. Acha kutumia, tunza ushahidi, uliza wenzako, dai mapema.

Yule mama alinunua maboti mengine, duka lile lile. Muuzaji mwenyewe alimukunjia mara 10 mbele yake. Katikati ya mwezi wa 9, mvua iliporudi na musimu A kuanza, nilimukuta kwenye barabara ya kushuka, jembe begani. Aliinua muguu kidogo, akanionyesha: "Mwana wangu, angalia. Kavu."